Nikushike Wapi?

Tiketi yangu ina mistari miwili:
Abiria mmoja, Newala hadi Mtwara.
Mzigo mmoja, kiti cha matairi, elfu tatu.
Naifunga kwenye pindo la kanga
pamoja na hasira yangu, nayo ndogo, imekunjwa vizuri.

Mimi ni karani wa ghala la korosho.
Mizani ndiyo kazi yangu.
Msimu mzima nasoma uzito wa jasho la watu:
gunia la bibi Nachuma, kilo themanini na moja;
la mjukuu wake, pungufu, lina mawe.
Sijawahi kumwandika mtu kwenye daftari la mizigo.

Usiku mmoja wachukuzi walipoondoka
nilikipima kiti changu:
kilo kumi na saba na robo.
Mwenyewe sikujipima.
Nimeshapimwa sana, kwa mikono.

Mikono naijua.
Upo unaonuka dizeli, unaonidaka kwapani
kabla sijajibu salamu.
Upo wa kijana aliyenibeba huku anaongea na simu:
"Nakuja, napakia."
Upo uliosaidia, ukasaidia,
ukasahau kutoka kifuani.
Gauni limepanda juu ya magoti,
stendi nzima imetazama, halafu imetazama pembeni,
na mama mmoja ananiombea dua kwa sauti kubwa.
Wahenga walisema
mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.
Wahenga hao hawakuwahi kuwa mzigo.

Basi alfajiri ile, ukungu umeikalia Newala
hata taa za basi zinaonekana kama yai bichi,
ngazi tatu mbele yangu, ya kwanza inanifika kifuani,
konda Likwata anaita: "Wanaume wawili hapa!"
dereva akazima injini.
Watu wakadhani gari limekufa.
Akashuka, mtu mfupi, shati vifungo vyote hadi shingoni,
akachuchumaa, macho yake yakawa usawa wa yangu.
"Dada," akasema, "nikushike wapi?"

Miaka kumi na tisa.
Nilikuwa na majibu ya "ulizaliwa hivi?"
na ya "una mume?", nayo makali.
Hili nililitafuta
kama mtu anayepapasa ukuta gizani
ndani ya nyumba yake mwenyewe.

"Mkono mmoja chini ya magoti.
Mwingine mgongoni. Shusha kidogo. Hapo.
Usininyanyue. Nahesabu mimi."
Nikahesabu kwa Kimakonde, polepole, kwa makusudi.
Akasubiri tatu.
Na kwenye tatu
nilipanda.

Likwata alishakifungulia kiti mlango wa buti.
"Kilete humu," dereva akasema,
"miguu ya mtu haikai na kuku."
Nyuma wakanung'unika: dakika nne zimepotea.
Ni kweli, niliziangalia kwenye saa, zilikuwa nne.
Ninazo zangu za miaka kumi na tisa,
sijui nimdai nani.

Jina lake Chitanda.
Wiki iliyofuata alikuja na ubao kutoka kwa seremala wa Kitangari.
Ulikuwa mfupi, mwinuko kama paa;
kiti kikarudi kinyumenyume hadi kwa muuza mihogo,
tukacheka, hata muuza mihogo, baadaye.
Wa pili ulikuwa mrefu, una vijiti vya kuzuia tairi.
Huo nilipanda mwenyewe, mara mbili,
ya pili bila sababu.

Sasa wamemhamishia njia ya Masasi.
Ubao uko nyuma ya ofisi ya tiketi,
mtu ameanika makopa juu yake.

Leo dereva ni mwingine. Simjui.
Ule mstari wa pili nimeukata kwa kalamu ya ghala,
nikaandika pembeni *sahihisho*, nikatia saini,
kama tunavyofanya gunia likipimwa vibaya.
Injini inanguruma. Mikono inakuja.
Nauinua wangu kwanza.

"Subiri, kaka.
Niulize."